Dalali Akibisha Hodi: Deni, Sheria na Jirani Yako



 

Ndugu yangu msomaji, nimeombwa nizungumze na vijana wa hapa Kiamunyi juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Ni deni, na yule mtu anayekuja na lori kuchukua viti na televisheni: dalali wa mnada, au okshonia kama tunavyomwita mtaani. Hapa kwetu nyumba za kupanga ni nyingi. Wanafunzi wamo, walimu wamo, watu wa boda boda wamo, na mama zetu wenye biashara ndogo ndogo wanaoshuka mjini kila asubuhi. Mapato yakisimama miezi miwili tu, kodi imelala, karo imelala, na mkopo wa simu nao unadai. Kwa hiyo usiseme mada hii ni ya watu wengine.

Kwanza tusidanganyane: deni ni la kulipwa. Unakijua kisa cha jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.). Akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa anadaiwa dinari 3. Akawaambia maswahaba wamswalie mwenzao, yeye akajizuia, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwika lile deni. Basi ninayokueleza hapa si hila za kumkimbia anayekudai. Ni haki zako, ili ulipe bila kudhulumiwa.

Sasa sikiliza. Kenya ina Sheria ya Madalali ya mwaka 1996 na kanuni zake za mwaka 1997. Dalali lazima awe na leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali. Akibisha hodi, usikimbilie mlango wa nyuma. Muulize mambo mawili kwa adabu: leseni yako iko wapi, na karatasi iliyokutuma iko wapi? Kama ni hukumu ya kesi, awe na waranti ya mahakama. Kama ni kodi ya nyumba, sheria inamruhusu landilodi kukamata mali bila kesi ya kwanza, lakini kwa mkono wa dalali mwenye leseni. Landilodi kuja na vijana wake wang'oe mlango au mabati, hiyo si sheria.

Siku ya kwanza dalali habebi kitu. Anaandika orodha ya vitu, hali ya kila kimoja na thamani yake, kisha anakupa notisi ya siku 7 za kulipa. Isome orodha kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala. Siku 7 zikipita bila malipo ndipo anaweza kubeba. Hata hapo hauzi kesho yake: anatangaza gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 7 tangu tangazo la kwanza. Na ujue gharama za dalali kwa kawaida humwangukia mdaiwa. Kila siku unayojificha, deni linanenepa.

Kuna vitu havishikwi kwa hukumu ya mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, pamoja na zana za kazi anayoitegemea. Kifungu cha 45 kinamkataza kuingia nyumba ya kuishi baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza. Kwa hiyo anayekuja familia ikiwa kwenye futari, Maghrib imeshaingia, amekosea saa. Na kama friji ni ya dada yako anayeishi nawe, yeye ana haki ya kupeleka pingamizi mahakamani. Atafute risiti mapema.

La kufanya ni hili. Ukipata barua ya madai, ijibu. Ukipata wito wa mahakama, nenda. Watu wengi hushindwa kesi kwa sababu hawakutokea kabisa. Tangu mwaka 2021 nchi ina Mahakama za Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Hukumu ikishatoka, unaweza kuiomba mahakama ulipe kidogo kidogo. Mpeleke hakimu karatasi za mapato yako, usipeleke machozi peke yake. Wengine huuliza, je, twende kwa Kadhi? Kadhi wetu anasikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Deni la kodi au la mkopo haliko kwake.

Wa mikopo ya simu nao wasikutishe. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza kukutukana, kukutisha au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe. Weka ujumbe wao, ndio ushahidi.

Faini ni habari nyingine. Faini ya kesi ya jinai isipolipwa, mlango unaofunguka ni wa jela. Usingoje: mwambie hakimu siku ile ile kwamba huna pesa, uombe muda, au uulize kama kosa lako linafaa kifungo cha nje, yaani kazi ya jamii chini ya sheria ya mwaka 1998.

Mwisho nina neno na wewe usiyedaiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, ni ya kuandikiana deni. Aya ya 280, kabla yake kidogo, inatutaka tumpe muda mdaiwa aliyebanwa, na kumsamehe ni bora zaidi. Na katika Tawba 60, wenye madeni ni mmoja wa watu 8 wanaostahiki zaka. Ramadhan hii tunatoa zaka, alhamdulillahi. Lakini ni wangapi kati yetu huuliza kwenye plot yetu nani ana notisi ya siku 7 mkononi? Siku 7 zinatosha jirani 10 kuchanga. Lori likishaondoka, pole zetu hazirudishi cherehani.

Abu Qatada hakungoja kuombwa. Nasi tusingoje.