Bustani ya Jikoni na Daftari la Karani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ngonga



Twawashukuru kwa heshima mliyotupa ya kusema mbele yenu juu ya kikundi chetu cha bustani. Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka ofisini sasa hivi, kwa hiyo hatutawachosha. Twataka kusema jambo moja tu. Mmea uliopandwa karibu na mlango wa jiko una faida kubwa kwa nyumba. Lakini faida hiyo hudumu pale tu watu wajuapo hasa mmea huo wafaa kwa nini, kwa kiasi gani, na uwezo wake waishia wapi. Na kuyaandika hayo ni kazi yetu sisi watu wa kalamu.

Nchi yetu hii, kama mjuavyo, ni nchi ya neema. Tumekaa katika bonde lililo kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hutuletea udongo mweusi kutoka Rungwe. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Mpunga wastawi, kakao yastawi, na migomba haihesabiki. Lakini nchi ya maji mengi ni nchi ya mbu wengi pia, na maji ya mafuriko huleta maradhi ya tumbo. Basi si ajabu kwamba bibi zetu hawakukaa bila mimea ya kusaidia nyumba.

Kikundi chetu hukutana mara tatu kwa mwaka, kwa kufuata majira ya nchi.

Mkutano wa kwanza ni wa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Huo ni mkutano wa kugawana. Mwenye shina kubwa la mchaichai hulipasua akatoa vipande kumi. Mwenye tangawizi na manjano huleta vipande vyenye macho. Mwenye mrehani huleta mbegu katika karatasi. Hapana anayeuza wala anayenunua siku hiyo. Kisha twakumbushana kuinua matuta hata yafike magotini, kwa maana tangawizi ikisimama katika maji huoza mizizi, na taabu yote huwa bure.

Mkutano wa pili ni wa mwezi wa Machi, mvua ikiwa imeshika sana. Siku hiyo hatupandi kitu. Twapalilia, twazibua mifereji, kisha twakaa barazani kuzungumza juu ya maradhi, kwa kuwa huo ndio wakati wa homa.

Mkutano wa tatu ni wa mwezi wa Julai, mpunga ukiisha kuvunwa na pepo zikiwa kavu. Majani ya tangawizi yakigeuka manjano, twaichimba. Majani ya mchaichai na mrehani twayaanika kivulini juu ya mkeka, wala si juani, kwa sababu jua kali huondoa yale mafuta yenye harufu, nayo ndiyo uzuri wake. Jani likivunjika kwa sauti mkononi, limekauka. Hapo hutiwa katika chupa kavu yenye kifuniko, na juu yake huandikwa jina na tarehe.

Sasa tuseme juu ya matumizi. Mchaichai na tangawizi katika chai mwayajua, na aliyekula mbasa au usipa uliopikwa kwa tangawizi na ndimu hahitaji kuhubiriwa. Tangawizi tena husaidia mtu anayesikia kichefuchefu. Manjano ni ya mchuzi na wali. Kivumbasi huwekwa dirishani au hutiwa motoni jioni ili moshi wake ufukuze mbu. Nao hupungua kweli, lakini hawaishi, basi chandarua kibaki juu ya kitanda. Ute wa mshubiri hutuliza ngozi iliyoungua kidogo, baada ya kuimwagia maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Mshubiri usinywewe na mwanamke mwenye mimba. Majani makavu ya mwarobaini huchanganywa na maharagwe au mahindi ghalani ili kuzuia wadudu.

Huo mwarobaini una fundisho. Jina lake ladai kuponya maradhi arobaini. Katika mkutano mmoja wa Machi tulijaribu kuyahesabu hayo arobaini, na kila aliyesema alikuwa na orodha yake. Mmoja alitaja chango, wa pili baridi yabisi, wa tatu homa. Tulipouliza ni majani mangapi, kwa maji kiasi gani, na kwa siku ngapi, hapakuwa na wawili waliokubaliana. Hatukusema hayo kwa kuudharau mti. Twasema kwamba jina kubwa si kipimo.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye uzito. Mtoto mwenye homa katika bonde hili yamkini ana malaria, na malaria yaweza kumwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili. Nyumba inayochemsha majani siku ya kwanza, ikaongeza mengine siku ya pili, hufika zahanati siku ya tatu ikiwa imechelewa. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: mtoto akipatwa na homa apelekwe akapimwe siku ile ile. Chai ya mchaichai na anywe akirudi, akiwa amekwisha meza vidonge vyake.

Tena mtoto akiharisha, wengi hukimbilia majani ya mpera. Lakini kinachoua katika kuharisha ni kukaukiwa na maji mwilini. Dawa ya kwanza ni pakiti ya chumvichumvi kutoka zahanati. Nayo isipopatikana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Kipimo kisizidishwe, maana chumvi nyingi humdhuru mtoto. Ampe kidogo kidogo, na safari ya zahanati isingoje.

Mtu asidhani twaitukana mimea. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Wajerumani waliipanda miti hiyo Amani, katika milima ya Usambara, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 gome lake lilitengenezwa kwinini huko huko kwa ajili ya askari wao. Tena dawa mseto tunayopewa leo asili yake ni mmea wa Uchina. Bibi Tu Youyou aliyeongoza kazi ya kuitoa dawa hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini angalieni: ilipimwa. Jani la mmea huo likinywewa kama chai, dawa iliyomo huwa mara nyingi mara chache, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo itumike badala ya vidonge. Mwaka 2011 tuliona makumi ya maelfu ya watu wakielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Wengine waliacha dawa zao za hospitali, na wengine walifia katika foleni. Tusiwacheke, aliyekata tamaa hushika lililo karibu.

Basi tufanyeje? Tangu watumishi Waafrika wa Serikali walipoanzisha chama chao Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, kalamu ndiyo imekuwa jembe la watu wa kazi yetu. Kikundi chetu kimefungua daftari. Kila mmea una ukurasa wake, wenye safu sita: jina la Kinyakyusa, jina la Kiswahili, sehemu itumikayo, kipimo, asiyefaa kupewa, na jina la aliyetufundisha. Pembeni hubandikwa jani lililokaushwa kati ya magazeti, kwa maana majina hupotosha. Hilo jina kivumbasi peke yake hupewa mimea zaidi ya mmoja.

Wazee wengine walisita. Walisema, “Mkiisha andika, mtauza.” Neno lao lina haki, wala hatukulipita. Tulikubaliana ya kwamba daftari lisitoke Ngonga bila ruhusa ya wote, na jina la mtoaji lisiandikwe ila kwa ridhaa yake. Mambo ya waganga hatuyaulizi; hao wana sheria yao ya mwaka 2002 na Baraza lao la kuwasajili. Sisi si waganga wala hatuuzi dawa. Twaandika yale ambayo mama humwambia binti yake jikoni, kwa kuwa binti siku hizi yuko Mbeya au Dar es Salaam, na mama hana wa kumwambia.

Kwa hayo twawaomba mambo mawili. Kwanza, mje Oktoba, kila mtu na mche mmoja mkononi. Pili, kabla ya siku hiyo kila mmoja akae na mama yake, au shangazi, au bibi, aulize juu ya mmea mmoja tu, na aandike jibu kama aandikavyo hesabu za ofisi, pasipo kuongeza wala kupunguza. Asipojua kipimo, safu hiyo na ibaki tupu. Safu tupu haimdhuru mtu, bali kipimo cha kubuni chaweza kumwua.