Ndege Anayesahau Wimbo Wake

Msikilizaji, kusini-mashariki mwa Australia kuna ndege mfyonza nekta anayesahau wimbo wa wazazi wake. Wanasayansi humwita Anthochaera phrygia. Ni mweusi, mbawa na mkia zimetiwa manjano kama taraza ya kanzu, na ngozi inayozunguka jicho haina manyoya. Zamani alisafiri kwa makundi ya mamia akifuata mikalitusi inayochanua. Leo waliobaki porini wanakadiriwa kuwa karibu 300 tu.

Chanzo kikubwa cha kupungua huko ni misitu kufyekwa kupisha mashamba na malisho. Katika vipande vya msitu vilivyosalia, ndege wengine wakorofi wa jamii yake humfukuza kwenye maua.

Dume hujifunza kuimba kwa kuwasikiliza madume wakubwa. Hao wakiadimika, kijana hukosa mwalimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa takriban dume 1 kati ya 8 huimba wimbo wa ndege wa aina nyingine, na dume wa namna hiyo hupata mwenzi kwa shida.

Bustani ya wanyama ya Taronga, mjini Sydney, inazalisha ndege hawa na kuwafundisha vijana wimbo wa porini kabla ya kuwaachia. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kumwachia ndege pasipo na maua ni kumpeleka kwenye njaa. Australia ikomeshe ufyekaji wa misitu sasa. Spishi huanza kupoteza maarifa yake kabla haijatoweka, na maarifa hayo hayarithiwi ndani ya yai.