Tiba ya kijamii kwa wenye magonjwa ya muda mrefu katika machimbo ya Shinyanga na Geita, pamoja na suala la "mtoro"



1. Utangulizi na maana

Nimepewa dakika ishirini, na maana ya tiba ya kijamii sote tunaijua, hivyo nitaipita mbio. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, selimundu au VVU huandikiwa dawa, kisha huunganishwa na watu: kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya, bustani, jirani wa kumpitia. Kituo cha Bromley by Bow jijini London kilianza mwaka 1984 na kimejulikana kwa kazi hii. Harare, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwakalisha bibi kwenye mabenchi ya zahanati wawasikilize wenye sonona. Usukumani tuna Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma ambamo mtu akikosekana huulizwa, ingawa sijawahi kuona daktari akimwandikia mgonjwa ngoma.

Vyombo tunavyo. Kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA), vikundi vya watu wanaoishi na VVU (WAVIU), na mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kufikia wahudumu 137,294. Kwenye karatasi hatujapungukiwa.

2. Suala la mtoro

Hapa ndipo nitakapokaa. Kwa miaka kumi na mmoja nimegombana na neno moja lililomo katika rejista zetu. Mteja asipofika kliniki siku aliyopangiwa, na simu yake haipatikani, tunamwita mtoro, kama mwanafunzi aliyeruka ukuta.

Chukueni mchimbaji mmoja wa Kishapu, ambaye sitamtaja. Alianza dawa akiwa Mwakitolyo. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likakauka, kukasikika mfumuko wa dhahabu upande wa Nyarugusu, akapanda gari usiku na wenzake. Sisi tukamwandika mtoro. Miezi minne baadaye nilimkuta Rwamgasa, kopo la dawa liko kwenye mfuko wa shati na hajaruka hata siku moja. Alikuwa amepewa dawa za miezi sita. Alichokosa ni kila kitu kingine tulichomwandikia: kikundi kilikuwa Mwakitolyo, hisa zake za VICOBA ziko Mwakitolyo, na mhudumu aliyemzoea hana nauli ya kumfuata.

Kila chombo nilichokitaja hapo juu kimefungwa kwenye kijiji. Kaya za TASAF hupitishwa na mkutano wa kijiji. Mkopo wa halmashauri kwa kawaida unataka kikundi kilichosajiliwa katika halmashauri hiyo. Hata barua ya utambulisho inataka mwenyekiti anayekujua. Kambi ya machimbo haina mwenyekiti, ina mwenye duara.

Mgonjwa wa kifua ana hali mbaya zaidi. Vumbi la mwamba hutia makovu kwenye mapafu, na silikosisi haina dawa ya kuyaondoa. Tena humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Atamaliza dawa za TB za miezi sita, makohozi yatapimwa yawe safi, na bado hatapanda ngazi ya duara bila kupumzika mara tatu. Daktari anamwandikia "aache kazi za vumbi." Hicho ni cheti cha kijamii halisi, Ndugu Mwenyekiti, na hakuna dirisha la kukipeleka. Tuseme ana miaka hamsini. Katika asilimia 10, nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Yeye si mwanamke, si kijana, na ulemavu wake hauonekani kwa macho ya kamati. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahudumia mwenye mwajiri anayemchangia, naye maisha yake yote amelipwa kwa mgao wa viroba vya mawe. Wiki mbili baadaye utamkuta kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ambako vumbi ni jingi kuliko chini.

Silaumu ofisi yoyote. Taratibu hizi zilitungwa kwa nia njema, na haya ni maoni yangu binafsi. Ila nimeyasema katika semina tatu kabla ya hii.

Machimboni kuna watu wawili wanaojua nani amehama na nani anakohoa. Mmoja ni mama ntilie, kwa sababu ya madeni ya chakula. Mwingine ni karani wa duara, kwa sababu ya daftari la mgao. Daftari lile lina ukweli kuliko rejista zetu, maana mtu akikosewa jina humo hapati mawe.

3. Mapendekezo

Kwanza, neno "mtoro" liondolewe, tuandike "amehama." Pili, mama ntilie na makarani wa maduara wafundishwe na kulipwa posho kama wahudumu wengine, si kupewa fulana. Tatu, uanachama wa kikundi uhamishike kwa barua moja, kama uhamisho wa mwanafunzi. Nne, kamati za mikopo zitambue cheti cha daktari cha silikosisi kuwa uthibitisho wa ulemavu. Tano, masharti ya leseni za uchimbaji mdogo yaguse maji ya kutuliza vumbi kwenye karasha, na yakaguliwe. Sita, wenye maduara wachangie mfuko wa wagonjwa kutoka kwenye mgao. Wapo wanaochangia misiba bila kushurutishwa. Saba, mhudumu apewe nauli ya kumfuata aliyehama. Nane, hilo la neno "mtoro" nalirudia, kwa kuwa semina zilizopita liliachwa nje ya maazimio.

Hayo mengine yatasubiri bajeti na vikao. La kwanza halihitaji senti. Rejista za robo hii bado ziko wazi mezani kwenu. Naomba kila mratibu, kabla ya kuandika neno lile, ampigie simu mama ntilie.