MIKONO INAYOSONGA NA MKONO UNAOGUSA

Somo: Marko 5:21–43

Leo nataka kusema hasa na vijana wanaosomea udaktari, wale waliomaliza miaka ya kwanza ya vitabu na maabara, na sasa wanaitwa kuingia wodini. Lakini wewe mzazi uliyeuza ng'ombe ili kulipa karo, na wewe mgonjwa uliyelala na redio kando ya mto wako, usiizime. Neno hili ni lenu pia.

Habari tuliyosoma ilitokea kando ya ziwa. Watu wa Dunga, wa Usenge na wa Mbita hawahitaji kuelezwa jinsi ufuo ulivyo wakati chombo kinapofika na umati unangoja. Bwana Yesu alishuka, na mara Yairo akamwangukia miguuni, maana binti yake wa miaka 12 alikuwa karibu kufa. Wakaondoka upesi. Njiani, mwanamke mmoja aliyetokwa na damu kwa miaka 12, ambaye alikuwa amemaliza mali yake kwa waganga wengi asipone, alilishika vazi la Bwana kwa nyuma. Bwana akasimama, akauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wake wakashangaa, kwa sababu watu walikuwa wakimbana kila upande. Lakini Bwana aliijua tofauti. Wengi walimsonga; mmoja alimgusa.

Ndugu zangu, tofauti hiyo ndiyo somo la kwanza la wodi, nalo ndilo la mwisho.

Hospitali kuu ya Kisumu, iliyo kando ya barabara ya Kakamega, wenyeji wengi huiita Russia, kwa maana ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969, na wazee wa mji wanaikumbuka siku hiyo kwa huzuni, kwa kuwa watu walipigwa risasi wakafa. Siku hizi hospitali hiyo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, nayo ni hospitali ya rufaa na ya kufundishia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno hujifunza humo. Basi, kijana, unapovuka kizingiti chake, ujue kwamba unaingia mahali ambapo watu walileta machozi yao kabla wewe hujazaliwa. Vua kiburi mlangoni.

Utakutana na nini humo ndani? Utapelekwa idara baada ya idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, na magonjwa ya akili. Kila mahali utakaa majuma kadhaa, na utakapoanza kuzoea, utahamishwa. Utaamka alfajiri na kusimama kutwa. Daktari mkuu akipita raundi atakuuliza swali mbele ya wenzako na mbele ya mgonjwa, na jibu ulilolisoma jana usiku litakukimbia. Usife moyo. Kusema "Sijui, nitakwenda kusoma" hakumwui mgonjwa. Kujifanya unajua kwaweza kumwua. Tena utamkuta sista aliyefanya kazi katika wodi ile miaka 20. Yeye atampata mshipa wa mtoto mchanga pale ambapo wewe umeutafuta mpaka jasho likakutoka. Msalimu kwa heshima, umwombe akufundishe.

Kando ya ziwa letu utaona kwa macho yako mambo ambayo vitabu vya ng'ambo huyataja kwa mistari michache. Utamwona mtoto wa malaria aliyeishiwa damu hata viganja vyake vimekuwa vyeupe. Utamwona mtoto mwenye seli mundu akilia kwa maumivu ya mifupa. Utamwona mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye hajapata ujasiri wa kumwambia mkewe. Nawe utaijua siri yake kabla ya mkewe kuijua. Siri hiyo si ya kusimuliwa bwenini.

Sasa sikilizeni mfano. Tuseme yuko mvuvi mmoja, mtu mzima, amelazwa kitanda cha saba. Bandama yake imekua hata upande wa kushoto wa tumbo umekuwa mgumu. Kwa mwanafunzi jambo hilo ni kama hazina, maana mtihani uko karibu, na habari inaenea upesi: "Nendeni kitanda cha saba, kuna bandama kubwa!" Anakuja wa kwanza, anabonyeza. Anakuja wa pili, anabonyeza. Wanafika kumi. Hakuna aliyemwuliza jina. Jioni mkewe anapomletea uji, mzee anasema, "Leo mikono kumi imepita tumboni mwangu, wala sijui hata mmoja ulikuwa wa nani." Huko, ndugu zangu, ndiko kusonga.

Kisha anakuja mmoja, amechelewa nyuma ya wenzake. Anasema, "Oyawore, baba." Anavuta pazia. Anataja jina lake, anasema waziwazi kwamba yeye ni mwanafunzi bado, anaomba ruhusa. Anasugua viganja vyake vipate joto. Anauliza ni wapi panapouma, na hapo anapafikia mwisho, huku macho yake yakiutazama uso wa mzee. Bandama ni ile ile waliyoibonyeza wenzake. Lakini mzee anaona kwamba huyu hana haraka, naye anamwambia neno ambalo hakumwambia mtu: "Mwanangu, usiku wa kuamkia Jumapili nilitapika damu. Niliona haya, nikaifukia." Kijana yule anakwenda mbio kumwita daktari, kwa maana kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi huharibu ini, kikavimbisha bandama na mishipa ya umio, na mishipa hiyo ikipasuka mtu hufa kwa kutokwa damu. Mikono kumi iliipata bandama. Mkono mmoja ulimpata mtu, na pamoja naye ukaipata hatari iliyokuwa imefichwa.

Je, si hivyo ilivyokuwa pale kando ya ziwa la Galilaya? Bwana aliposimama na kungoja, yule mwanamke alikuja akitetemeka, akamweleza kweli yote. Yairo alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo Bwana alisimama kumsikiliza mwanamke maskini.

Mwingine atakuambia kwamba ugonjwa wake ni chira, na kwamba nyumbani walimnywesha manyasi. Usicheke. Ukicheka, atafunga kinywa, nawe hutajua alikunywa nini wala tangu lini. Sikiliza kwanza. Wakati wa kufundisha utakuja.

Na kwa kuwa tunasema habari za mikono, mkumbuke daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna. Katika hospitali yake zilikuwako wodi mbili za wazazi, moja ya wakunga na moja ya wanafunzi wa udaktari. Katika wodi ya wanafunzi akina mama walikufa wengi zaidi kwa homa ya uzazi. Alitambua kwamba wanafunzi walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mwaka 1847 akawaamuru wote wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa akina mama wapatao 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa karibu 2 tu. Wanafunzi wale hawakuwa waovu. Walikuwa na bidii ya kujifunza, na bidii hiyo iliua kwa sababu haikumfikiria mama aliyelala pale. Basi nawa kabla ya kumgusa mgonjwa, na nawa baada ya kumgusa. Hiyo nayo ni ibada.

Mwisho, utakutana na kifo. Wakiwa bado njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, waliambiwa binti amekwisha kufa. Walipofika huko, Bwana aliwatoa nje waliokuwa wakipiga kelele, akabaki na baba, na mama, na wanafunzi wake watatu tu. Akamshika mtoto mkono, akamwinua. Kisha akaagiza apewe chakula. Angalieni: hakuruhusu umati kuyatazama maumivu ya jamaa ile, wala hakusahau kwamba mtoto ana njaa.

Wewe hukupewa uwezo wa kufufua. Itafika asubuhi utakayokuta kitanda kimeachwa kitupu, na mama wa mtoto ameketi sakafuni akikunja shuka. Usijifanye una shughuli kwingine. Kaa naye kidogo. Mtaje mtoto kwa jina lake. Uliza kama ameleta mtu wa kumsindikiza, na kama ametia chochote kinywani tangu jana. Na jioni, usiende na mzigo huo peke yako. Zungumza na mwenzako, au na mchungaji wa hospitali. Daktari kulia si aibu. Iogope zaidi siku ile utakapoona kitanda kitupu na kuwaza tu kwamba leo raundi itakwisha mapema.

Nawe mgonjwa, una haki ya kumwuliza kijana huyo jina lake, na una haki ya kusema hapana. Lakini ukimkubalia, umekuwa mwalimu wake. Mtu usiyemjua, katika kijiji usichokijua, huenda akapona kwa sababu wewe ulivumilia. Na wewe mzazi, mwanao akirudi likizoni amekuwa mkimya, usimwulize alama za mtihani tu. Mwulize amemwona nani, na ameona nini.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesimama katikati ya umati kwa ajili ya mmoja, wabariki vijana wanaoingia wodini. Waondolee hofu ya kuonekana wajinga, uwape hofu ya kumdharau mtu. Itakase mikono yao. Wafariji waliolala vitandani, na wauguzi wanaokesha nao. Nasi sote tufundishe kugusa bila kusonga. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.