Adabu ya Kumsahihisha Aliyekosea Matamshi

(Hotuba kwa jamaa wa Kifungilo, Lushoto)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana. Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: mtu anapotamka vibaya neno la lugha ya kigeni, aliyemsikia afanye nini? Hapa Kifungilo, kama ilivyo Lushoto nzima, mtu mmoja huishi na lugha nne. Nyumbani ni Kishambaa, sokoni Kiswahili, msikitini Kiarabu, na watoto wakifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Ulimi mmoja uliobebeshwa lugha nne hauna budi kuteleza. Sisi leo twataka kusema na wale wanaousikia ukiteleza.

Tunamfahamu mzee mmoja aliyekuwa akiadhini miaka mingi katika kijiji cha milima hii. Siku moja kijana aliyerudi kutoka masomoni alisimama mbele ya safu zote akamwambia kwamba hajui kutamka "hayya", kwamba "ha" yake ni ya Kiswahili. Huenda kijana alisema kweli. Lakini mzee yule hakuadhini tena, na hata kwenye darasa la Qur'ani akaacha kuja. Herufi yenyewe haikusahihika, kwa kuwa hakuna aliyekaa naye kumwonyesha inatokea wapi kooni, na msikiti ukawa umempoteza mtu.

Kwa hiyo la kwanza linalotupasa ni kuhakikisha kwamba kosa lipo. Maneno mengi tunayowasahihisha wenzetu si Kiarabu wala si Kiingereza tena, ni Kiswahili. Asemaye "habari" na "heri" hakukosea kwa kuacha "kh". Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha maandishi ya Kiswahili, na kwa "h" hiyo ndivyo maneno haya yanavyoandikwa katika Kiswahili sanifu. Yuko anayeandika "sala" na yuko anayeandika "swala", na kila mmoja humcheka mwenzake. Wa pili huambiwa kwamba ametaja mnyama wa porini. Huo ni ugomvi usio na faida. "Meza" tulipewa na Wareno, "shule" na "hela" na Wajerumani, na hakuna anayedai tuzitamke kama wao.

Na tukiwataja Wajerumani, wao ndio walioiita Lushoto yetu Wilhelmstal, na wakaandika "Usambara" katika ramani zao ilhali wenyeji husema Shambaai. Hadi leo ramani zinaandika Usambara, na wazee wetu hawakumdhihaki mgeni kwa ajili hiyo. Sijui kwa nini sisi wajukuu wao tunaona uzito kusameheana "th" na "dh".

Hata katika Qur'ani Tukufu yatupasa tusiharakishe. Imepokewa katika Bukhari kwamba Seyidna Umar r.a. alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Sura ya Al-Furqan kwa namna ambayo yeye hakufundishwa. Alikaribia kumvamia ndani ya sala. Akasubiri mpaka alipotoa salamu, kisha akamkamata kwa nguo yake na kumpeleka kwa Mtume s.a.w. Mtume alimwamuru kwanza amwachie. Kisha akawasikiliza wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akamwambia kwamba ndivyo ilivyoteremshwa. Ikiwa Umar, aliyefundishwa na Mtume mwenyewe, aliliona kosa mahali ambapo kosa halikuwapo, sisi tuliosoma miaka miwili mitatu tuna haki gani ya kuwa na hakika upesi hivyo? Akija mgeni kutoka Morocco akasoma katika Al-Fatiha "maliki" kwa kifupi badala ya "maaliki", yuko atakayemkatiza, kumbe mgeni asoma kisomo cha Warsh, na sisi huku twasoma cha Hafs.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila kitu kiachwe. Yako makosa yanayogeuza maana, nayo wanazuoni wa tajwidi huyaita lahani ya wazi. Anayesoma "an'amtu" badala ya "an'amta" amejipa yeye kazi ya kuneemesha ambayo ni ya Mwenyezi Mungu. Anayesema "kul" mahali pa "qul" amesema "kula" badala ya "sema". Hata katika Kiswahili, tumehudhuria ndoa ambapo iliulizwa "mahali" ni kiasi gani, na mkusanyiko ukaangua kicheko kabla bwana harusi hajajibu mahari yake. Makosa ya namna hii kuyanyamazia si heshima. Kumwacha ndugu yako akosee Al-Fatiha miaka ishirini kwa sababu unamwonea haya ni kumnyima haki yake.

Lakini kwa njia gani? Muawiya bin al-Hakam r.a. alizungumza ndani ya sala, akamwombea rehema aliyepiga chafya, na watu wakamkazia macho na kupiga mapaja yao. Sala ilipokwisha, Mtume s.a.w. hakumkemea wala hakumtukana; alimweleza tu kwamba katika sala hayafai maneno ya watu. Bwana yule alisimulia baadaye kwamba hakupata kumwona mwalimu mwema kuliko yeye. Tazameni kwamba kosa lilitajwa na likakoma, na mkosaji akabaki akimpenda aliyemwambia.

Imamu akikosea katika kisomo, aliye nyuma yake amfungulie kwa kuisoma aya ilivyo, na imetosha. Hakuna haja ya mjadala kibarazani baada ya salamu. Nje ya sala, mara nyingi inatosha kulitumia neno lile lile kwa usahihi katika maneno yako mwenyewe, naye atalisikia. Asipolisikia, mchukue pembeni. Na kijana anayemsahihisha mzee aulize kama mwanafunzi: "Babu, mwalimu wetu alitufundisha hivi; wewe ulifundishwaje?" Hali kadhalika watoto wetu wanaorudi likizo kutoka shule za bweni wasimcheke mama kwa "hospitali" na "kompyuta" yake. Hayo ni Kiswahili safi, na ada ya shule imelipwa kwa maneno hayo hayo.

Wengine hujitetea kwa kisa cha Bilal r.a., kwamba alikuwa akitamka "sini" mahali pa "shini" katika adhana. Kisa hicho kinapendwa sana misikitini, lakini Ibn Kathir ameeleza kwamba hakina asili. Tusikitumie. Kipo kilicho thabiti zaidi, kwamba asomaye Qur'ani kwa kutatizika na kwa taabu ana ujira mara mbili. Anayejitahidi na ulimi ukamshinda hana lawama. Mwenye nafasi ya kujifunza akaikataa ndiye wa kuulizwa.

Kwa hiyo twapendekeza darasa la watu wazima hapa msikitini baada ya Magharibi, mbali na la watoto, lianze na herufi kabla ya aya. Kila mmoja akae na mwalimu peke yake kwa zamu, wengine wakisubiri kibarazani, mahali ambapo sauti yake haiwafikii.