Mwenye Mbwa na Afya ya Jirani



Mbwa hulinda boma usiku, hufuatana na mchungaji malishoni, tena hucheza na watoto mlangoni. Kwa kazi hizo astahili shukrani. Lakini yafaa ikumbukwe ya kwamba yako maradhi ambayo mnyama huyu aweza kuyaingiza nyumbani, na kinga ya kwanza ya maradhi hayo haimo hospitalini. Imo mikononi mwa mwenye mbwa.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, nao haujaondoka hata leo. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, walio wengi wakiwa katika Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Vijidudu vya kichaa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mtu akisha kuumwa, vijidudu husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa juma moja tu, au mwaka mzima. Dalili zikisha kuonekana, kama vile kuogopa maji, kuweweseka au kupooza, hakuna dawa ya kuponya, na karibu kila mgonjwa hufa.

Basi wokovu umo katika siku zile kabla ya dalili. Mwaka 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Mtoto yule hakuugua, akaishi hata akawa mtu mzima. Chanjo za siku hizi ni bora kuliko ile, lakini hazimfai mtu aliyechelewa. Aliyeumwa hana budi kuosha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Chanjo hutolewa mara kadhaa kwa siku zilizopangwa, na yapasa kuzimaliza zote. Kupaka majivu au mafuta na kungoja kuona yatakayotokea ni kuchezea uhai.

Na mbwa aliyeuma afanyweje? Ikiwezekana kumfunga pasipo hatari, afungwe na kutazamwe kwa siku 10, na ofisa wa mifugo aarifiwe. Akifa, asitupwe wala asizikwe kabla ya ofisa huyo kuarifiwa, kwa kuwa ubongo wake hupimwa katika maabara, kama ile ya Kabete, ili ukweli ujulikane.

Lakini bora mbwa asiugue kabisa. Wataalamu wamegundua ya kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo wamtegemea mtu wa kijijini na wa mjini, kila mmoja ampeleke mbwa wake kuchanjwa kila mwaka. Anayemficha mbwa wake siku ya chanjo huenda akaona ameepuka usumbufu, kumbe amemweka hatarini mtoto wa jirani apitaye njiani kwenda shule.

La pili ni ugonjwa usio na kelele. Katika nchi ya Turkana wengi wameugua uvimbe wa maji katika ini au mapafu, uletwao na tegu mdogo wa mbwa. Mbuzi, kondoo au ngamia akichinjwa, mbwa hutupiwa maini au mapafu yenye uvimbe. Tegu hukua matumboni mwake, na mayai yake hutoka pamoja na mavi, yakashika manyoya, udongo na maji. Mtu huyameza kwa mikono isiyonawiwa. Uvimbe hukua kwa miaka mingi bila maumivu, na mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Tangu mwaka 1983 Shirika la AMREF lilifanya kazi huko ya kuupunguza, pamoja na kuwapa mbwa dawa ya minyoo.

Kinga yake haina gharama kubwa. Viungo vyenye uvimbe vichomwe au vizikwe shimo refu lisilofukulika. Mbwa wafukuzwe mahali pa kuchinjia. Wapewe dawa ya minyoo kwa shauri la daktari wa mifugo. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mbwa hawezi kujipeleka kwa daktari wala kujua ini lipi lina uvimbe. Mwenyewe ndiye ajuaye, naye ndiye atakayeulizwa na jirani.