Sumu Isiyokufa kwa Moto

Wasikilizaji wetu wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji, leo twataka kusema nanyi juu ya nyama ya kasa.

Huenda mtu akauliza, Je, sisi si wavuvi wa kamba na samaki? Ni kweli. Lakini jarife likitegwa mlangoni mwa mto halichagui kinachopita, na ng'ambo yetu iko Mafia, ambako kasa hupanda pwani kutaga mayai. Basi akinaswa kasa mkubwa, nyumba moja haiwezi kummaliza. Jirani hupelekewa kipande, mkwe hupelekewa, na bibi kizee asiye na mvuvi nyumbani hasahauliwi. Desturi hii ni njema, nasi hatuikemei. Ila kwa nyama hii ndiyo njia ambayo sumu hupata kuingia vyungu vya kijiji kizima kwa usiku mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa katika Kisiwa cha Panza, huko Pemba, mwezi wa Machi, 2024. Watu walikula kasa siku ya Jumanne, tarehe 5. Kabla ya juma kwisha, watoto 8 walikuwa wamekufa, na mama wa mmoja wao, na watu 78 walikuwa wamepelekwa hospitali. Katika Pemba hiyo hiyo, Novemba, 2021, watu 7 walikufa kwa nyama ya kasa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3.

Tusiwalaumu wapishi. Sumu hii si uchafu wala uvundo. Yadhaniwa kuwa kasa huipata katika vyakula vyake vya baharini, ikakusanyika mwilini mwake, naye mwenyewe asiugue. Nyama yake hainuki, wala rangi haigeuki. Kuichemsha mchana kutwa hakuiondoi, wala kuikausha. Na mchuzi na mafuta na matumbo ni vivyo hivyo. Wazee watasema, "Tumekula kasa tangu utoto wetu." Wasema kweli, kwa kuwa si kila kasa ana sumu. Hapo ndipo penye hatari yenyewe, maana yule wa mwaka jana hamshuhudii huyu wa leo.

Wako wasemao, Mpe paka kwanza. Sumu ya kasa yaweza kukawia saa nyingi, hata siku kadhaa, ndipo ionekane. Paka atakuwa bado anajilamba wakati watoto wamekwisha kula. Nahodha mmoja Mwingereza, jina lake Cook, alijifunza jambo hili kwa samaki wa namna ya bunju, ambaye sumu yake ni nyingine lakini nayo haishindwi na moto. Mwaka 1774, katika kisiwa cha New Caledonia, yeye na wenzake wawili walionja kidogo tu ini na mayai ya samaki huyo. Usiku waliamka viungo vimekufa ganzi, hata Cook hakuweza kupambanua mkononi kitu kizito na kitu chepesi. Wao walipona. Asubuhi nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alionekana amekufa. Jaribio lilikuwa limefanyika, lakini baada ya chakula!

Turudi kwa kasa. Mtu aliyedhurika huona moto kinywani na kooni, hutapika, kichwa humzunguka. Baadaye ulimi na midomo yaweza kutoka vidonda, na usingizi mzito humshika. Usingizi huo si wa kupumzika. Tena sumu hupita katika maziwa ya mama: matabibu wameona watoto wachanga wakidhurika hali mama zao hawakuugua sana. Kwa hiyo mama aliyekula asinyonyeshe mpaka ameonana na tabibu.

Dawa ya kuiondoa sumu hii haijapatikana. Hospitali humsaidia mgonjwa apumue na mwili wake upate maji. Sheria ya nchi nayo yakataza kumvua kasa, basi mtu huona haya kusema alichokula. Msifiche! Tabibu asiyeambiwa atatibu ugonjwa mwingine. Waiteni wote waliokula chungu kile, hata walio wazima. Na ninyi mkaao mbali ndani ya mikoko, ambao njia yenu ni mtumbwi hata Nyamisati, ndipo barabara ya Kibiti, ondokeni kwa dalili ya kwanza, kabla maji hayajapwa na mitumbwi kukwama matopeni.